Kitengo cha kusaidia wagonjwa wa kansa na ndugu zao: nyota nne, na msisubiri mgonjwa awe hoi ndo muwatafute

Kwa wale wasiopenda kusoma marefu jibu ni hili: waombe, na waombe mapema, siku ileile majibu ya biopsi (kile kipimo cha kukata kinyama) yanapotoka. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimewanyima kwa sababu ntakazozitaja huko chini na wala sio kwa ubaya, wao wenyewe nimeshawaambia usoni.

Mnaouguza watu wenye kansa mnajua, tukikaa foleni tunaongelea daktari gani mzuri, mashine ya mionzi imekufa tena, dawa gani imekosekana, yaani story ni hizo kila siku. Ila kuna kundi lingine pale hospitali ambalo halishiki kisu wala halitundiki dripu ya kemo (zile dawa kali za kuua kansa) na hakuna anayelitaja. Nesi aliyesomea mambo ya kansa, afisa ustawi wa jamii, mshauri nasaha, mtu wa lishe, mfamasia, mtu wa mazoezi ya viungo, daktari wa tiba shufaa (ya kutuliza maumivu na kupunguza mateso ya mgonjwa), kiongozi wa dini anayeitwa mgonjwa mwenyewe akitaka, na wale wa kujitolea ambao waliugua wakatibiwa. Sio kila hospitali inao wote, kwingine ni nesi mmoja na ustawi mmoja wanakimbizana na wodi nzima. Hao ndo nawaongelea hapa. Hospitali sitaji, maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika na sitaki kumwaribia mtu kazi.

Mgonjwa wetu ni dada yangu. Kansa ya titi. Akapigwa kemo, akafanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, tukapumua, baadae ikaonekana imehamia kwenye mifupa. Kwa hiyo hiki kitengo tumekitumia kipindi cha kutibiwa ili upone, na tukakitumia tena kipindi cha kutibiwa ili uishi nayo, na niwaambie ukweli ni kama huduma mbili tofauti.

Kitu cha kwanza, hawa sio watu wa kukushika bega na kukwambia jipe moyo. Za jipe moyo tunazo za kutosha nyumbani, kila anayekuja kumwona mgonjwa anaacha moja. Hawa kazi yao ni kukujibu yale maswali ambayo kwa daktari unaona aibu kuuliza au muda umeisha, daktari ana watu arobaini nje na wewe unataka kuuliza kama dada anaweza kulala kitanda kimoja na mtoto wake baada ya kemo. (Anaweza, kukumbatiana hakuna shida. Ila siku mbili za mwanzo baada ya kemo mnaoshika mkojo na matapishi mnavaa glavu na mashuka yenye uchafu mnayafua peke yake, maana dawa inatoka mwilini kwa njia hizo.) Hakuna mtu alikuwa ametuambia hili mpaka sista wa kitengo alipokaa na sisi.

Huyo sista ndo aliyetupa na ile ya joto. Akatuambia nunueni kipimajoto, na mgonjwa akifika 38 au zaidi kipindi cha kemo hiyo sio homa ya kumpa panadol alale mtaona asubuhi, hiyo mnatoka saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku. Sababu akaieleza vizuri sana: kemo haichagui, inaua seli zinazokua haraka, sasa seli nyeupe za damu nazo zinashuka, na kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa kama siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi. Hapo mwili hauna askari. Infeksheni ndogo tu inaweza kumwondoa mtu ndani ya masaa, na panadol inashusha joto inakudanganya kwamba mambo yako poa. Akatupa na kadi ndogo ya kuonyesha mapokezi ya dharura, imeandikwa mgonjwa yuko kwenye kemo, dawa gani, dozi ya mwisho lini, joto likipanda apimwe damu na aanzishiwe antibayotiki haraka bila kuwekwa kwenye foleni ya kawaida. Ile kadi tumeitumia. Kijana wa mapokezi alikuwa anatuelekeza tukakae benchi kama watu wengine, nikaiweka mezani, akaisoma, akanyanyuka mwenyewe kwenda kumwita daktari. Sina la kuongeza hapo.

Sasa ile fomu. Hii sehemu naipenda kuliko zote. Kuna karatasi imechorwa kipimajoto, sio cha homa, ni cha mawazo. Kuanzia 0 hadi 10, unaweka alama wiki hii umesumbuka kiasi gani, afu pembeni kuna orodha ya vitu unatiki: usafiri, hela, watoto, kazi, usingizi, huzuni, woga, imani, maumivu, tendo la ndoa, vyote. Ukianzia 4 kwenda juu wanakuita mkae mwongee zaidi. Ni kitu kinachotumika sehemu nyingi duniani sio ubunifu wao. Dada akajaza, akaandika 5. Afu yule mshauri akatoa karatasi nyingine akampa shemeji. Shem akasema mimi siumwi, niko fresh, nimemsindikiza tu. Mama wa watu hakubishana nae, akamwachia kalamu akageukia kwa dada wakaendelea na mambo yao. Shemeji akakaa nayo wee, mwisho akajaza akaipindua uso chini. Tisa. Usingizi katiki, hela katiki, woga katiki mara mbili mpaka karatasi imechanika kidogo. Huyu ni mtu ambaye tangu ugonjwa uanze hatujawahi kumsikia akisema amechoka. Kwenye familia yetu wote tulikuwa tunamuuliza mgonjwa anaendeleaje, yeye tulikuwa tunamuuliza gari ina mafuta?

Tangu siku hiyo shemeji akawa ana miadi yake mwenyewe. Alichokuwa anaongea huko sijui na sijauliza, ila alianza kulala.

Watoto nao. Hapa kila familia naona inafanya kivyake na nyingi zinaficha, tunasema mama ana kidonda, mama ana uchovu, mtoto anaona nywele zimeisha anajua anadanganywa ila hana wa kumuuliza. Mshauri alituambia mtoto asipoambiwa anatunga mwenyewe, na anachotunga mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli. Mambo ambayo mtoto anataka kujua hata kama hajauliza ni kama mimi ndo nimesababisha, kama naweza kuambukizwa, na nani atanihudumia mama akiwa hospitali. Jibu hayo, kwa maneno mafupi, na ugonjwa uutaje kwa jina lake maana ukisema "mama anaumwa tu" siku na yeye akiumwa mafua atadhani ndo ile. Basi wakakaa na wale wawili pamoja na mama yao, mimi mama mdogo nikiwa pembeni. Yule mdogo akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, ile siku nilimrukia mama kifuani ndo ilianza? Chumba kizima kimya. Dada hakuwa amewahi kulisikia hilo. Mtoto amelibeba peke yake muda wote huo, anaenda nalo shule anarudi nalo. Mshauri akamjibu palepale: hapana, kansa haitokani na kurukiwa wala kugongwa, na hakuna kitu mtoto anaweza kufanya, kusema au kuwaza kikamletea mama yake kansa. Akamrudishia tena aseme mwenyewe. Kwa hicho kikao peke yake ningewapa nyota zote.

Mtu wa lishe sitamwongelea sana, yuko vizuri, hana makuu. Alitukatia zile porojo za kwamba ukiacha sukari kabisa kansa inakufa njaa, akasema mwili unatengeneza sukari wenyewe na mgonjwa akikonda kwa kujinyima anakosa nguvu za kumaliza kemo. Ale kidogo kidogo mara nyingi, protini isikosekane, kama harufu inamtibua chakula kipoe kwanza, kama mdomo una ladha ya chuma atumie kijiko cha plastiki, vidonda vya mdomo asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku na mswaki uwe laini. Vitu vidogo ila ndo vinavyofanya mtu ale au asile. Mtu wa mazoezi nae vilevile, kama umeondolewa tezi za kwapani mkono unaweza kuvimba hata miaka baadae, kwa hiyo kuna mazoezi ya mkono, kuna kujilinda na majeraha na kuungua, na ukiona pete inabana usisubiri nenda.

Mfamasia ndo kanishangaza. Alituuliza swali la dawa za asili kwa namna ambayo dada alisema ukweli. Hakusema "hamtumii mitishamba eti?" kwa lile jicho, alisema "watu wengi hapa wana kitu cha pembeni wanachotumia, wewe unatumia nini, niletee nione". Dada akatoa chupa mbili kwenye pochi! Mimi mwenyewe nilikuwa sina habari. Akamweleza kwamba kuna mimea inabadilisha ini linavyochakata kemo, dawa inakuwa kali kuliko ilivyopangwa au inakuwa dhaifu, na zingine zinafanya damu isigande vizuri, kwa hiyo sio swala la imani ni swala la dozi. Akamwomba asimamishe mpaka kemo iishe. Dada akasimamisha. Ungemkemea angeendelea kunywa kwa siri, namjua.

Haya tuje kwenye maumivu, hapa ntakaa kidogo.

Ilipohamia kwenye mifupa dada alikuwa analala amekaa. Daktari wetu akasema tuwaone tiba shufaa na nyumba nzima ikaingia msiba, maana watu wanajua ukipelekwa huko ndo basi, wamekuaga. Mama alilia. Mimi nikaenda nae. Yule daktari wa tiba shufaa hakuanza na faili. Alimwambia dada, nionyeshe unavyoinuka kitandani. Dada akalala kwenye kile kitanda cha kupimia akajaribu kuinuka, akaishia katikati, akashika ukingo. Daktari akamuuliza hapo ni ngapi kwa kumi, akasema nane. Na ukikaa tuli? Tatu. Na haya maumivu yamekunyima nini? Dada akasema siwezi kumsuka mwanangu. Akaandika hilo kwenye faili, niliona, ameandika lengo la matibabu: amsuke mwanae. Afu akamtembeza chumbani, akamgusa miguu, akauliza kuhusu ganzi na kuhusu mkojo. Akatuambia kwa nini anauliza: kansa ikiwa kwenye uti wa mgongo inaweza kubana mishipa ya fahamu, kwa hiyo siku mkiona miguu inalegea, ganzi sehemu za makalio na mapajani, au mkojo na choo vinajitokea au vimegoma, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, mtu akichelewa anaweza asitembee tena. Wangapi tunauguza watu wenye kansa ya mifupa na hatujaambiwa hili?

Akamwanzishia mofini ya maji. Hapa najua watu watakuja juu, maana mofini jina lake limechafuka. Mtu wa mwisho kupinga alikuwa dada mwenyewe, akasema si ndo ya watu wanaokufa, afu nikizoea je. Sista akamjibu bila kumzungusha. Inatolewa kwa saa, kila masaa manne, sio mpaka uumie, maana kuyakimbiza maumivu yakishapanda ni kazi kubwa kuliko kuyazuia. Kuna dozi ya ziada kama yakichomoza katikati, na unaandika kwenye daftari umeinywa saa ngapi, wao wakiangalia daftari ndo wanajua wapandishe au wasipandishe. Siku chache za mwanzo atasinzia na kichefuchefu kinaweza kuwepo, vinapungua. Kinachobaki ni choo kigumu, hicho hakizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku moja na mofini sio baada ya kuteseka wiki nzima. Mwili kuzoea dawa ni kweli ndo maana hauachi ghafla unapunguza taratibu, lakini hiyo ni tofauti na uteja, na mtu anayeitumia kwa maumivu ya kansa chini ya maelekezo yao sio kawaida aishie kwenye uteja.

Afu wakampangia mionzi ya mifupa. Dozi moja tu. Nilidhani wametupunja, ya titi alienda wiki na wiki, kumbe kwa maumivu ya mfupa dozi moja kubwa inafanya kazi ya kutuliza sawa na kwenda mara nyingi, na inamwokoa mgonjwa na safari. Wakatutahadharisha kwamba siku za mwanzo maumivu yanaweza kupanda kidogo na nafuu inakuja taratibu ndani ya wiki kadhaa, na ndivyo ilivyokuwa. Mofini ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, ikaachwa. Saivi dada yuko kwenye vidonge vya homoni, anafanya kazi nusu siku, anagombana na kila mtu nyumbani kama zamani. Nasema hivo kwa wale wanaodhani tiba shufaa ni mlango wa kutokea.

Na sio mambo mapya haya. Huyo anayetajwa sana kama mwanzilishi wa tiba shufaa ya kisasa, Cicely Saunders wa Uingereza, alikuwa nesi, akawa mtu wa ustawi hospitalini, ndo akasomea udaktari, akafungua St Christopher's kule London mwaka 1967. Yeye ndo alisema maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano na maisha yake, na ya roho, kwa pamoja, huwezi kutibu kipande kimoja ukaacha vingine. Ukiangalia alivyopita kazi zote tatu unaelewa kwa nini hiki kitengo kina watu wa aina tofauti tofauti. Na yule mtu wao anayetushika mkono kutoka dirisha moja kwenda jingine, anayefuatilia majibu ya maabara yamekwama wapi, hiyo nayo ina historia, daktari wa upasuaji Harold Freeman aliianzisha Harlem, New York, mwaka 1990 baada ya kuona wanawake masikini wanafika na kansa ya titi imeshakomaa na wengine wanapotea katikati, ameambiwa ana uvimbe lakini hafiki kwenye matibabu. Sisi huyo mtu wetu alikuwa kijana mpole sana, na bila yeye barua ya kipimo cha homoni ya dada ingekuwa bado iko kwenye droo ya mtu.

Kikundi cha wagonjwa na wauguzaji: kiko sawa, sio cha kila mtu. Dada alienda akapenda, mimi nilienda cha ndugu nikakiona kizito, narudi nyumbani na matatizo ya watu kumi. Wanaume hawaji, shemeji alienda akawa peke yake kati ya wanawake hakurudi tena. Ila nawasifu kwa mambo mawili. Kulikuwa na mtu kila kikao anatangaza dawa yake inayotibu kansa zote, msimamizi akamwacha amalize afu akamwambia mbele ya wote hapa hatuuzi na hatutangazi, ukirudia sitakukaribisha, na alirudia na hakukaribishwa. La pili, mwanakikundi akifariki wanasema. Hawafichi, kiti hakiondolewi kimyakimya. Wanamtaja, wanaomtaka kulia wanalia, na mtu wa kitengo anapiga simu kwa familia yake, na wanaendelea kupiga baada ya mazishi kwa muda, kipindi ambacho ndugu wote wameshatawanyika na mfiwa amebaki na dawa zilizobaki kabatini hajui azipeleke wapi.

Lawama sasa.

Kubwa kuliko zote: tuliletwa kwao tumechelewa. Kemo ilikuwa imeshaanza siku nyingi, watoto wameshatunga ya kwao, shemeji ameshakonda, ndo mtu anatuambia hivi mnajua kuna kitengo? Hakuna aliyetutuma kwa mpangilio, ni sista mmoja wa wodi aliona dada analia ndo akatupeleka. Kwa nini iwe bahati? Na kwenye tiba shufaa ni hivohivo, madaktari wengine wanawapeleka watu wakiwa wamebakiza siku, afu wakifa watu wanasema mnaona, huko ni kwa kufa. Kuna utafiti mmoja wa Marekani ulitoka 2010, wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa, wakagawanywa, wengine matibabu ya kawaida, wengine matibabu ya kawaida pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo kabisa. Hao wa pili walikuwa na maisha bora na huzuni kidogo, na kwa kipimo cha katikati (nusu yao waliishi zaidi ya hapo, nusu pungufu) waliishi miezi 11.6 wakati wengine ni 8.9. Na walikuwa wachache zaidi waliopewa matibabu makali ya mwishoni. Sasa kama hili linajulikana muda wote huo, mgonjwa anafichwaje kwao mpaka mwisho? Hili nalilaumu kwa hospitali zaidi kuliko kwa kitengo, lakini kitengo nao wangeweza kukaa pale kliniki ya majibu badala ya kujificha korido ya nyuma karibu na stoo.

Simu yao. Wanakupa namba kwa mbwembwe, piga muda wowote, na muda wowote unaisha saa kumi jioni. Jumamosi nimepiga ikaita mpaka ikakata. Maumivu na homa havina wikiendi jamani. Kama hamna mtu wa zamu semeni hamna, mtuandikie twende wapi, tutapanga.

Chumba. Mnatuuliza mambo ya tendo la ndoa, (swali zuri, kwa kweli hakuna mwingine aliyemuuliza dada wala mume wake, na dawa za homoni zinaleta ukavu na kukosa hamu na kuna namna ya kusaidiwa), lakini mnauliza nyuma ya pazia na upande wa pili kuna mtu anapimwa presha anasikia kila kitu. Dada alijibu kwa kutikisa kichwa tu. Tafuteni chumba chenye mlango.

Kubadilisha washauri bila kuaga. Mtu ameshafungua roho kwa mama yule wa mwanzo, wiki inayofuata anakuta kijana mgeni anasema "haya nielezee kuanzia mwanzo". Kuanzia mwanzo wapi? Andikeni mafaili yenu.

Na ile ya matibabu yakiisha. Siku ya mwisho ya mionzi ya kwanza tulipongezwa, tukapiga picha, afu kimya. Watu wanadhani hapo ndo furaha, ila dada alikuwa na woga mkubwa kuliko kipindi cha kemo, kila kikohozi ni kansa, wiki ya kwenda skani hali chakula. Wakati wa kemo ulikuwa unaonwa na watu kila mara, ghafla huonwi na mtu miezi. Nilipowaambia walikubali kwamba ni pengo wanalijua. Sawa, mnalijua, lizibeni basi, hata simu moja tu wiki ya kabla ya skani.

Kwa wanaoenda kwa mara ya kwanza, kutokana na nilichoona. Usisubiri kutumwa, sema kwa mdomo wako "naomba kuonana na nesi wa kansa na ustawi" hata kama mapokezi wanakukodolea macho. Chagueni ndugu mmoja wa kuongea na kitengo, sio kila shangazi anapiga simu yake anapewa jibu lake mnagombana nyumbani. Daftari moja, humo kuna dawa, masaa, joto, maumivu kwa namba, na maswali mnayoyakumbuka usiku. Ustawi mwoneni mapema kabla hela haijaisha, sio ikishaisha, maana barua za kazini, misamaha na misaada ya usafiri vinachukua muda na vina fomu zake. Wewe unayeuguza jaza ile karatasi ya kipimajoto kwa ukweli, usiandike mbili kisa mgonjwa anachungulia, omba ujazie pembeni. Na kama una nusu saa tu anza na sista, wengine atakupeleka mwenyewe. Ijumaa mchana msiende, wanakuwa kwenye kikao na mtakaa pale korido mpaka jua lizame.